Jinsi ya Kuganda kwa Hiari: Mwongozo wa Kutazama Ndege Minnesota Mwezi wa Januari

Watu wa Minnesota hudunduliza fedha miaka na miaka ili siku moja wapande ndege hadi Nairobi au Arusha, wakatazame ndege. Hesabu yao ni sahihi. Kenya peke yake ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na nyingi unaweza kuziona ukiwa umevaa kandambili. Wewe uliyetoka huko huko, ukafika Minneapolis kubeba boksi au kuhudumia wazee, unaalikwa na mfanyakazi mwenzako, mtu mpole mwenye ndevu zenye barafu, muende kaskazini Jumamosi moja ya Januari mkatazame ndege kinamasini. Mkijitahidi sana mtaona aina kumi na tano. Mmoja wao, Mungu akipenda, atakuwa bundi.

Mwenye akili timamu angesema ana zamu. Mwongozo huu ni wa wale walioshindwa kusema hivyo.

Hatua ya kwanza: Jua unakopelekwa

Unapelekwa Sax-Zim. Ni eneo la vinamasi, misitu na mashamba ya majani, kaskazini-magharibi mwa jiji la Duluth, lenye ukubwa unaokaribia nusu ya kisiwa cha Unguja. Sax na Zim vilikuwa vijiji viwili vidogo vya kando ya reli. Siku hizi majina hayo hutajwa zaidi na watu wenye darubini shingoni.

Usitegemee msitu wa kutisha. Miti mingi ni spruce mweusi, ndugu wa msonobari, na tamaraki, ambao hupukutisha majani yake yote kila vuli ukabaki unaonekana umekufa. Haujafa. Wala usidanganywe na wembamba wa spruce. Kinamasini mti huo hukua polepole mno, na ule wenye unene wa mkono wako unaweza kuwa umepita miaka mia moja. Kwa hiyo usiuite kijiti. Uupe shikamoo yake, upite.

Wapenzi wa eneo hilo wana chama chao, Friends of Sax-Zim Bog, chenye kituo cha kupokea wageni kando ya barabara iitwayo Owl Avenue. Ndiyo, barabara imepewa jina la bundi, na watu wanajenga humo, wanalala humo, na barua zao zinawafikia. Jaribu kuuza kiwanja Mtaa wa Bundi pale Tanga uone kama utapata hata wa kuuliza bei.

Hatua ya pili: Vaa, kisha vaa tena

Utaambiwa kuna baridi ya ishirini chini ya sifuri. Uliza ni kwa kipimo gani. Wamarekani hupima kwa Farenhaiti, dunia iliyobaki kwa Selsiasi, na ugomvi huo husuluhishwa mahali pamoja tu, arobaini chini ya sifuri, ambapo vipimo vyote viwili hutoa jibu moja. Kaskazini mwa Minnesota ni miongoni mwa sehemu chache ambako unaweza kuwa shahidi wa suluhu hiyo ukiwa nje, umesimama. Rekodi ya jimbo iliwekwa karibu na mji wa Tower tarehe 2 Februari 1996: nyuzi 51 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Tower na Sax-Zim ziko kaunti moja.

Pamba ni rafiki wa Mswahili tangu enzi na enzi: kanga, kanzu, shuka, msuli. Kaskazini urafiki huo unavunjika. Pamba hunywa jasho, jasho hupoa, na wewe unafuata. Vaa sufu mwilini, juu yake nguo ya kutunza joto, na juu kabisa kitu kisichopitisha upepo. Buti ziwe na nafasi ndani. Anayekazia buti juu ya soksi tatu huizuia damu isifike vidoleni, na mwisho wake anakuwa na soksi tatu na vidole visivyosikia kitu.

Glovu za kawaida hazitoshi. Tafuta zile ambazo vidole vinne hukaa chumba kimoja na gumba hupanga peke yake. Hizo zinatunza joto kweli, ila ukizivaa huwezi kuzungusha gurudumu la darubini. Ukizivua unaweza, kwa muda wa dakika moja hivi. Wazoefu huvaa glovu nyembamba ndani ya zile nene, na hutalijua hilo mpaka siku ya pili, kwa sababu siku ya kwanza hakuna atakayekwambia. Wanataka uonje.

Hatua ya tatu: Panda gari, usishangilie

Habari njema ni kwamba Sax-Zim ndege wengi hutazamwa kutoka ndani ya gari. Habari ya pili ni kwamba vioo viko wazi na hita imezimwa. Hewa ya moto ikitoka dirishani na kukutana na baridi hucheza mbele ya lenzi, na bundi mzuri anageuka ukungu. Utamwona mwenzako akinyoosha kidole kuzima hita bila hata kukuomba radhi. Usimchukie. Ndio ustaarabu wa huko.

Pumua pembeni. Ukipumulia kioo cha darubini, pumzi yako itaganda pale pale, na utatumia asubuhi nzima ukitazama pumzi yako mwenyewe. Simu iweke kifuani, ndani ya nguo, maana betri hufa kwa baridi ikiwa bado inadai ina asilimia arobaini. Na jioni ukirudi nyumbani, ifunge kamera ndani ya mfuko kabla hujaiingiza kwenye joto, la sivyo unyevu utaingia hadi matumboni mwake.

Beba beleshi, blanketi, chai ya tangawizi na tangi lililojaa. Theluji hujaza mitaro mpaka usawa wa barabara, na jicho la mgeni huona ukingo mpana wa kuegesha gari mahali ambapo hakuna ukingo wowote. Utakapoegesha mtaroni, atakuja mwenyeji na pikapu na mnyororo, atakuvuta, atakataa pesa, ataondoka. Atakachouliza ni kimoja tu: "Mmemwona bundi?"

Hatua ya nne: Mtafute bundi kwa adabu

Mwezi wa Januari huko jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi, na huzama karibu saa kumi na moja jioni. Bundi mkubwa wa kijivu hupenda ncha zote mbili za siku, alfajiri na magharibi. Kwa hiyo mtaondoka Minneapolis usiku wa manane, na hapo ndipo utakumbuka kwamba hata wachawi wa kwenu husubiri bundi awafuate nyumbani.

Mgeni humtafuta bundi mitini. Mzoefu hutafuta magari. Ukiona magari sita yamesimama kwenye barabara isiyo na duka, nyumba wala ajali, umefika. Shuka bila kubamiza mlango. Usiulize "Kuna nini?" kwa sauti ya stendi ya basi. Jipenyeze katikati ya wanaume wenye lenzi ndefu kuliko miguu yao, utazame wanakotazama, na useme kwa kunong'ona neno lolote la kustaajabu.

Na hapo utamwona. Amekaa kwenye ncha ya spruce mkavu, urefu wake unapita sentimita sitini, na mabawa yake akiyakunjua hukaribia mita moja na nusu. Uso ni sahani kubwa yenye duara ndani ya duara, macho madogo ya manjano yamekaa karibu karibu, na chini ya mdomo kuna alama nyeupe ya tai ya shingoni, utadhani ameitwa kwenye usaili wa kazi. Ukimtazama unamkadiria kilo tano. Hapimi hata kilo moja na nusu. Yote mengine ni manyoya.

Atakutazama kwa nusu sekunde, aone huna faida, kisha ageuze uso chini kuelekea theluji. Hapo usiongee. Anasikiliza. Masikio yake hayako sawa, moja liko juu kidogo kuliko jingine, na sauti inayofika huku kabla ya kule humpa hesabu ya mahali palipo na kipanya, hata kama kipanya hicho kinatembea chini ya theluji ya kina cha nusu mita. Ataachia tawi bila sauti, ataelea chini chini, ataning'inia kidogo hewani, kisha atajitupa miguu mbele mpaka azame kifuani. Ataibuka na theluji usoni na mkia wa panya mdomoni. Theluji itabaki na shimo, na kulia na kushoto alama za mabawa, unyoya kwa unyoya.

Sasa adabu. Kuna wapiga picha ambao hawana subira, nao hununua panya weupe dukani wakawarusha barabarani ili bundi aje karibu na lenzi. Kama unataka bundi ajifunze kwamba magari yakisimama chakula kimeiva, fanya hivyo. Kama unataka kumtoa mawindoni aje kupigana na adui asiyekuwepo, mchezee mlio wa bundi kwenye simu. Na kama unataka umati uhamie mti mmoja kwa juma zima, tangaza mahali alipo mpaka jina la barabara. Kila mojawapo ya njia hizo hutoa picha nzuri sana.

Hatua ya tano: Usidharau wadogo

Baada ya bundi utapelekwa mahali ambapo watu wema wamewawekea ndege chakula. Utakuta mbegu za alizeti, siagi ya karanga iliyopakwa kwenye matawi, na mbavu za kulungu zimetundikwa mtini. Zitazame mbavu hizo kwa heshima. Si zako. Hakuna anayewasha mkaa.

Anayezidonoa ni chikadii, ndege wa gramu kumi na moja hivi mwenye kofia nyeusi. Usiku ukiingia, chikadii hushusha joto la mwili wake kwa karibu nyuzi kumi ili kubana matumizi, jambo ambalo wapangaji wengi wa Minneapolis wamelijaribu na mita ya gesi bila kufanikiwa. Kutwa nzima huficha mbegu moja moja kwenye nyufa za magome, mahali mamia kwa mamia, na hukumbuka alipoziweka. Wewe umeshasahau umeegesha gari upande gani.

Kisha atakuja jay wa Kanada, wa kijivu, wa ukoo wa kunguru. Mtu wa Dar es Salaam atamtambua kwa tabia kabla ya sura. Atatua begani kwa mwenzako, atakagua mkate, atachukua asichopewa. Atakachoiba atakipaka mate yake yanayonata, akigandishe nyuma ya gome la mti, na akiba hiyo ndiyo itakayolisha watoto wake, kwa sababu ndege huyu hutaga na kuatamia theluji ikiwa bado imetanda, wakati ndege wenye akili bado wako kusini.

Usitembee ovyo pembeni ya njia. Kuna kwale wa msituni ambaye baridi ikizidi hujitumbukiza ndani ya theluji laini na kulala humo, akiwa amefunikwa kabisa. Ukimkaribia huruka ghafla kutoka chini ya buti zako kwa kishindo. Hapo utajua kama dua ulizofundishwa utotoni bado unazo.

Hatua ya sita: Nenda ziwani ukaungane na wabishi

Mchana, mkiwa mmeanza kupata hisia miguuni, mtateremka Duluth, kwenye Ziwa Superior. Hapa ndipo mtu wa Kisumu au Mwanza hupata pigo. Ziwa Viktoria, tulilofundishwa kujivunia, ni la pili duniani kwa ukubwa wa eneo miongoni mwa maziwa ya maji baridi. La kwanza ndilo hili, lenye kilomita za mraba zipatazo 82,000 dhidi ya 69,000 za letu. Kwa maana nyingine ya maji baridi hakuna ubishi kabisa.

Pwani ya ziwa haina miti ya kukukinga, na upepo unafika moja kwa moja. Kwenye maji ambayo hayajaganda, karibu na mfereji wa bandari, kuna bata weusi kwa weupe wenye macho ya dhahabu wanaopiga mbizi kwa furaha isiyoelezeka. Meli zimepungua, kwa kuwa milango ya maji ya Soo inayozitoa ziwani kuelekea mashariki hufungwa kuanzia katikati ya Januari hadi karibu mwisho wa Machi. Waliobaki ni shakwe na watu wanaobishana juu ya shakwe.

Baraza la shakwe ni zito kuliko la kahawa pale Mji Mkongwe. Watu wazima watasimama saa nzima wakihojiana kama ncha ya bawa ni nyeusi au kijivu iliyokolea. Usitoe maoni. Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani waliamua kwamba shakwe wa Thayer si aina inayojitegemea bali ni shakwe wa Iceland, na watu walioganda miaka mingi ili kumpata wakampoteza wakiwa wamekaa sebuleni. Jeraha halijapona.

Ng'ambo ya bandari, upande wa Wisconsin, mtamtafuta bundi mweupe aliyeshuka kutoka Aktiki. Huyu huwinda mchana na hukaa chini, kwenye barafu, kwenye uwanja wa ndege, au juu ya nguzo ya taa. Ni ndege mweupe juu ya theluji nyeupe. Mtalitazama bonge la theluji kwa dakika ishirini, mjadili jinsia yake, mliandike daftarini. Bonge likifumbua jicho, hongera. Lisipofumbua, endeleeni na bonge linalofuata. Wenye michirizi mingi myeusi huwa ni majike au vijana, na madume hung'aa zaidi kadiri wanavyozeeka. Mabonge yote hung'aa.

Hatua ya saba: Ukinogewa, jiandikishe

Zamani, Krismasi ilipofika, baadhi ya Wamarekani walikuwa na desturi ya kugawana makundi na kwenda kuua ndege na wanyama, na kundi lenye lundo kubwa ndilo lililoshinda. Mwaka 1900 mtaalamu wa ndege, Frank Chapman, alipendekeza kwamba badala ya kuwaua wawahesabu. Watu 27 walikubali. Siku hizi sensa hiyo hufanywa na maelfu, kila mwaka kati ya tarehe 14 Desemba na 5 Januari, ndani ya miduara yenye kipenyo cha kilomita 24. Huhitaji cheti wala uraia. Ni mojawapo ya sensa chache ambapo mhamiaji anakaribishwa ahesabu badala ya kuhesabiwa.

Hatua ya nane: Waarifu nyumbani kwa mafungu

Usitume picha ya bundi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Hasa usiitume usiku. Anza na chikadii, subiri siku mbili, fuata na jay. Ukikosea mpangilio, mazungumzo yataenda hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hujambo na hiyo baridi?"

"Sijambo bibi. Leo nimemwona bundi."

"Yarabi! Alikuja kwako?"

"Hapana bibi. Nilimfuata."

"Ulimfuata?"

"Kwa gari. Mwendo wa saa tatu."

"Kwa pesa yako?"

"Mafuta tulichangiana."

"Mjukuu wangu, huko hakuna shekhe, hata mmoja?"

Unaweza kumweleza kwamba kwetu pia, katika msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Gede, kuna bundi mdogo asiyefika sentimita ishirini, na watu huvuka bahari kuja kumtazama akiwa amesinzia mchana, na vijana wa pale hulipwa kwa kujua tawi alilolalia. Mwambie kuna watoto wanaolipiwa karo na bundi. Haitamtuliza, lakini utakuwa umesema kweli.

Hatua ya mwisho: Angalia mguu wako wa kulia

Majira ya baridi ya 2004 kuingia 2005, vipanya viliadimika kwenye misitu ya Kanada, na bundi wakubwa wa kijivu wakashuka Minnesota kutafuta riziki. Walihesabiwa zaidi ya 5,000, wingi ambao haukuwahi kuonekana. Mhamiaji yeyote anaielewa safari ya namna hiyo. Walichokikuta ni kwamba kingo za barabara zina majani, majani yana vipanya, na anayewinda hapo huvuka lami akiwa chini chini, masikio yote yakiwa kwenye theluji. Mamia waliokotwa wamekufa, wengi wamegongwa na magari.

Kwetu tumeambiwa tangu utoto kwamba bundi akitua karibu na watu, mtu atakufa. Sax-Zim watu ndio wanaotua karibu na bundi, na anayekufa ni yeye. Yule anayemrushia panya ili asogelee gari anaharakisha mazishi. Kwa hiyo fanya makosa mengine yote ya mwongozo huu: vaa pamba, pumulia lenzi, liandike bonge la theluji kwenye orodha yako. Ila alfajiri na magharibi, kwenye barabara za kinamasini, punguza mwendo.